Kabla Hujavuka Mstari wa Wagomaji
Mwongozo kwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi nchini Marekani

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha wewe unayefanya kazi Marekani, uliye mwanachama wa chama cha wafanyakazi, na ambaye kazini kwako mgomo umeanza au unanukia. Pengine uko kiwanda cha nyama Iowa, hospitali Minnesota au ghala Kentucky. Wenzako wamesimama getini na mabango. Kodi ya nyumba inakaribia, nyumbani wanasubiri ada ya shule, na meneja amekupigia simu kukwambia nafasi yako ipo, njoo tu.

Kuingia au kutoingia ni uamuzi wako. Kazi yetu ni kukueleza kitakachofuata ukiingia. Na ukikumbuka jambo moja tu katika kijitabu hiki, likumbuke hili: kinachokipa chama mamlaka ya kukutoza faini ni uanachama wako siku ile uliyopita getini. Kwa hiyo mpangilio wa hatua zako una uzito kuliko hatua yenyewe.

Usitegemee uzoefu wa nyumbani

Wengi wetu tulijifunza habari za migomo Afrika Mashariki, na sheria za huku ni tofauti. Tanzania, kwa mfano, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza wagomaji kuweka mstari wa kuzuia getini, lakini pia inamkataza mwajiri kuajiri watu wa kujaza nafasi za wagomaji pale mgomo unapokuwa halali.

Marekani ni karibu kinyume chake. Wagomaji wanaruhusiwa kusimama getini kwa amani. Mwajiri naye, tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya nchi wa mwaka 1938 katika kesi ya Mackay Radio, anaweza kuajiri watu wa kudumu katika nafasi za waliogoma kwa ajili ya mshahara na marupurupu. Kama mgomo umetokana na mwajiri kuvunja sheria ya kazi, hana ruhusa hiyo. Hofu ya kukuta nafasi imechukuliwa ndiyo inayowasukuma watu wengi kuvuka. Kwa hiyo muulize mwakilishi wa tawi mapema: mgomo wetu ni wa aina gani?

Chama kinaweza kukufanya nini

Sheria ya Taifa ya Mahusiano Kazini ya mwaka 1935 ilimpa mfanyakazi haki ya kugoma. Marekebisho ya mwaka 1947 yaliongeza haki ya kutoshiriki, lakini yakakiachia chama uwezo wa kujiwekea kanuni kuhusu wanachama wake. Ukivuka ukiwa mwanachama, haya yanaweza kukupata:

*Faini.* Wafanyakazi wa kampuni ya Allis-Chalmers, jimbo la Wisconsin, walivuka mstari wa chama chao na kutozwa faini ya dola 20 hadi 100. Kesi ikafika Mahakama Kuu. Mwaka 1967, kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji walisema chama kina haki ya kutoza faini hizo na kuzidai mahakamani kama deni lingine lolote.

Faini inaweza kuwa nzito. Mwaka 1965 wanachama waligoma kwa siku 18 katika kiwanda cha Boeing cha Michoud, New Orleans. Waliovuka walitozwa dola 450 kila mmoja na kuzuiwa kugombea uongozi wa chama kwa miaka 5. Mshahara wao wa msingi ulikuwa kati ya dola 95 na 145 kwa wiki, hivyo hata aliyelipwa juu kabisa alidaiwa zaidi ya mshahara wa wiki tatu. Mwaka 1973 Mahakama Kuu iliamua kwamba kama kiasi cha faini ni cha haki au kimezidi, hilo ni la mahakama za majimbo kupima. Ukiona faini yako imepita kiasi, huko ndiko pa kujitetea.

*Kusimamishwa au kufukuzwa uanachama.* Unapoteza sauti kwenye mikutano na nafasi ya uongozi.

*Kupoteza posho ya mgomo.* Posho hii ni ya wanaogoma. Chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kimekuwa kikitoa dola 500 kwa wiki tangu mwaka 2023. Viwango hutofautiana, kwa hiyo ulizia cha chama chako kabla hujapiga hesabu ya utakachokipata ukirudi kazini.

Chama hakiwezi kukufanya nini

Chama hakiwezi kumlazimisha mwajiri akufukuze kazi kwa sababu ulivuka. Hata pale mkataba wa hali bora unapomtaka kila mfanyakazi akichangie chama, unachoweza kudaiwa ili ubaki kazini ni malipo hayo tu.

Hakiwezi kukuadhibu kimyakimya. Sheria ya mwaka 1959 kuhusu haki za wanachama inataka upewe mashtaka kwa maandishi, yakitaja waziwazi ulichofanya, upewe muda wa kutosha kujiandaa, kisha usikilizwe kwa haki.

Hakiwezi kuacha kukutetea. Kama ndicho kinachowakilisha idara yenu, kina wajibu wa kumwakilisha kwa haki hata asiye mwanachama.

Wala hakuna mwenye ruhusa ya kukupiga, kukutishia familia au kulizuia gari lako kwa nguvu. Mwajiri naye haruhusiwi kukutisha au kukurubuni kwa ahadi ili ujitoe kwenye chama.

Kujiuzulu kwanza, kuingia baadaye

Mwaka 1972 Mahakama Kuu ilisema aliyejiuzulu uanachama kihalali, kisha akarudi kazini, hawezi kutozwa faini kwa kurudi huko. Vyama vingine vikaandika kwenye katiba zao kwamba hakuna kujiuzulu wakati wa mgomo. Chama cha mafundi wa kalibu kilikuwa na kanuni hiyo. Mgomo ulipotokea mwaka 1977 huko Illinois na Wisconsin, kiliwatoza wanachama waliojiuzulu na kurudi kazini faini iliyokaribia kile walichokipata katika kipindi hicho. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ilikubali msimamo wa serikali kwamba faini hizo hazikubaliki. Tangu hapo, mlango wa kutoka uko wazi hata katikati ya mgomo.

Tazama mfano huu. Mgomo umeanza Jumatatu. Mfanyakazi anaingia kazini Jumatano na Alhamisi. Ijumaa asubuhi, kabla ya zamu, barua yake ya kujiuzulu inafika ofisi ya chama. Kwa siku zile mbili anaweza kutozwa faini. Kuanzia Ijumaa hatozwi. Barua ileile ingefika Jumanne, asingedaiwa hata senti.

Barua yenyewe haihitaji maelezo marefu. Andika jina lako, namba ya tawi, tarehe, na sentensi moja kwamba unajiuzulu uanachama kuanzia siku hiyo. Iandike kwa Kiingereza rahisi. Ipeleke kwa mkono na uombe nakala iliyosainiwa, au itume kwa njia inayokupa uthibitisho wa kupokelewa. Hakikisha imefika kabla hujaingia. Kumwambia mwenzako kwa mdomo, au kuacha tu kulipa ada, si kujiuzulu.

Kujiuzulu nako kuna gharama. Hutapiga kura ya kupitisha mkataba utakaopanga mshahara wako, na chama kinaweza kukataa kukurudisha. Katika majimbo kama Minnesota, ambako mkataba unaweza kudai kila mfanyakazi achangie, utaendelea kulipa, ingawa kwa uamuzi wa mwaka 1988 katika kesi ya Beck unaweza kuomba kulipia gharama za uwakilishi tu. Iowa, Kentucky na Texas hawaruhusu malipo ya lazima.

Gharama isiyo kwenye barua

Mgomo wa waandishi wa filamu na televisheni ulipokwisha mwaka 2008, chama chao kilitangaza hadharani majina ya waandishi 28 walioacha uanachama kamili wakati wa mgomo. Hawakutozwa faini, lakini kila mtu kwenye fani aliwajua.

Kwetu hakuna haja ya kutangaza. Tunapanda gari moja kwenda zamu ya alfajiri, tunasali pamoja, tunachangiana misiba. Mgomo utakwisha, na wewe na waliosimama getini mtarudi kwenye mstari uleule wa uzalishaji. Fikiria hilo pia.

Sisi tulioandika kijitabu hiki tunaamini katika kusimama pamoja. Kila anayeingia anampa mwajiri sababu ya kusubiri zaidi, na mkataba dhaifu utamlipa mshahara mdogo aliyegoma na aliyevuka vilevile. Lakini hatutamhukumu mzazi mwenye watoto na jokofu tupu. Tunachomwomba ni aseme mapema. Baadhi ya matawi yana mfuko wa kuwasaidia waliokwama, wenye nyumba wengine hukubali kusubiri kodi wakielezwa, na vituo vya kugawa chakula havibagui wagomaji. Jaribu milango hiyo kwanza.

Jiulize kabla hujaamua

- Je, Sheria ya Taifa ya Mahusiano Kazini inanihusu? Watumishi wa serikali, wafanyakazi wa mashambani, na wa reli na ndege hawako chini yake. Wana taratibu nyingine.
- Je, mkataba wetu una kipengele cha kutogoma? Kama kipo na bado kinafanya kazi, hata anayeheshimu mstari wa chama kingine anaweza kuadhibiwa na mwajiri.
- Je, nimeisoma katiba ya chama, sehemu ya nidhamu?
- Je, posho ya mgomo na msaada wa tawi vikijumlishwa, ninapungukiwa kiasi gani hasa?

Ukishapokea barua ya mashtaka

Usiitupe. Tunza bahasha yenye tarehe. Kama huelewi Kiingereza cha kisheria, omba mkalimani kwa maandishi, na uhudhurie siku ya kusikilizwa. Usipofika, unaweza kuhukumiwa bila kujitetea. Peleka nakala ya barua ya kujiuzulu kama ulijiuzulu. Faini ikitolewa, kata rufaa ndani ya chama kwa muda uliowekwa.

Ukiona umetozwa kwa siku ambazo hukuwa mwanachama, lalamika kwa Bodi ya Taifa ya Mahusiano Kazini, inayojulikana kwa kifupi kama NLRB. Kufungua malalamiko hakuna malipo, ila una miezi 6 tu tangu tukio. Kwa deni lililofikishwa mahakamani, tafuta wakili au kituo cha msaada wa sheria bila kuchelewa.

Na kama mgomo haujaanza, nenda kwenye mkutano wa kura. Uliza maswali haya mbele ya wote, kwa Kiswahili kama kuna wa kukutafsiria. Hapo ndipo neno lako lina nguvu ya kubadili uamuzi wa wengi, na kuulizia hakukugharimu chochote.