Ngoma na Mizani

Je, ngoma yafaa kanisani? Zamani wamisionari wengi waliikataza. Waliiona ni kitu cha kipagani. Watu wakaimba kwa sauti za Ulaya tu.

Lakini fungua Zaburi ya 150. Humo mna baragumu, kinubi, matari na matoazi. Hata kucheza kumo! Mwaka 1966 Mtanzania Bernard Kyamanywa alitunga wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya", kwa sauti ya Kihaya. Leo unaimbwa hata Marekani.

Basi, piga ngoma. Ila msikilize na nabii Amosi. Watu wa Israeli waliimba na kupiga vinanda. Sabato ikiisha tu, walikwenda sokoni wakawapunja maskini kwa mizani ya uongo. Mungu akawaambia hataki kelele za nyimbo zao. Soma Amosi 5 na 8. Hakusema kwamba waliimba vibaya.

Labda debe unalopimia mahindi limebonyea chini, nawe wajua. Litengeneze. Yule jirani uliyempunja, mwendee Jumamosi, umrudishie mahindi yake. Jumapili mtakaa benchi moja na kuimba pamoja.