Ganzi moja, misimbo miwili

SWALI: Mimi ni fundi cherehani. Vidole vyangu vinakufa ganzi usiku, na daktari ameandika G56.0 kwenye fomu ya bima. Jirani yangu alijikata kifundo cha mkono kwa kioo, naye ana ganzi kama yangu, lakini ameandikiwa S64.1. Kuna aliyekosewa?

JIBU: Hapana, dada yangu. Misimbo hiyo inatoka kwenye ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Nyote wawili mna tatizo kwenye neva moja, ile inayopita katikati ya kifundo. Orodha hiyo haiangalii neva peke yake, inauliza pia kilichoidhuru. Yako inabanwa polepole ndani ya njia yake nyembamba. Ya jirani imejeruhiwa kwa ghafla, na majeraha mapya kama hilo huwekwa kwenye misimbo ya S. Ukiwa na kisukari, mwambie daktari, kwa sababu neva iliyoharibiwa na kisukari huandikwa G59.0 pamoja na msimbo wa kisukari chenyewe.

Jambo moja ningependa ulichunguze leo hii. Ni vidole vipi hasa? Kwa G56.0 ganzi hushika gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Ikiwa kidole chako cha mwisho ndicho kinachokufa ganzi, huenda ni neva nyingine, ile ya kiwikoni, ambayo msimbo wake ni G56.2 na matibabu yake ni tofauti. Mweleze daktari kabla fomu haijatumwa.