Somo la Juma Hili: Matumbawe ya Moto



Likizo imekaribia, na familia kadhaa za hapa Olaya zitashuka Jiddah kuogelea. Kabla hamjatia mguu baharini, mjueni mnyama huyu.

Ukimwona utadhani ni mti mdogo wa jiwe, rangi ya haradali, ncha nyeupe. Jina lake la kitaalamu ni Millepora dichotoma. Alielezwa na Peter Forsskål, aliyefika Jiddah mwaka 1762 na msafara wa Denmark. Forsskål alifariki Yemen mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775.

Watu humwita matumbawe, lakini yeye ni haidroidi, na udugu wake na konyeza ni wa karibu zaidi. Tena si mnyama mmoja. Ni maelfu wanaoishi kama kijiji, katika nyumba moja ya chokaa yenye vitundu vingi. Katika tundu kubwa anakaa mlishaji, mwenye mdomo na tumbo. Vitundu vidogo vinavyomzunguka ni vya askari: wembamba, hawana mdomo, wamejaa vifuko vya sumu. Askari hunasa vijidudu, mlishaji humeza, na chakula hugawanywa kwa mirija inayowaunganisha wote.

Miilini mwao mna mwani mdogo sana unaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Ndiyo maana hupenda maji maangavu yasiyo na kina kirefu, kwenye ukingo wa mwamba. Jamaa zake wapo hadi Zanzibar na Mombasa.

Mwanangu alimgusa kwa goti. Akaja analia, "Mama, inauma!" Inaumaje? Hakuwa na neno. Na alikuwa ameshajisugua kwa mchanga, jambo linalopasua vifuko vilivyobaki ngozini. Mimi muuguzi nilimfundisha hesabu na salamu, hilo nikalisahau.

Maneno ya kukariri
Kuchoma: kuuma kama moto.
Kuwasha: kukufanya utake kujikuna.
Kuvimba: kufura.
Kufa ganzi: kutohisi kitu.

Ukiguswa
1. Toka majini, mwite mkubwa.
2. Usisugue wala usijikune.
3. Suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba.
4. Ukivimba uso au ukipumua kwa shida, hospitali mara moja.

Kazi ya nyumbani
Chora kijiji hiki, uonyeshe mlishaji na askari. Kisha mpigie bibi simu, umweleze kwa Kiswahili mahali ulipowahi kuumia na palivyouma. Wazazi, msimsaidie haraka. Mwacheni atafute neno mwenyewe.