Ukiishi Maskati, Panda Jebel Shams

Wengi wetu tuliokuja Oman kutafuta riziki tunajua njia ya kazini, ya sokoni na ya uwanja wa ndege, basi. Ijumaa ikifika tunalala. Nawasihi mtoke. Milima ya Hajar iko nyuma ya mji, na Jebel Shams, mrefu kuliko yote, unafika karibu mita 3,000.

Kwa mara ya kwanza, shika njia ya Al Khitaym. Unapita Nizwa, kisha Al Hamra, halafu barabara inapanda hadi Al Khitaym, ukingoni mwa korongo la Wadi Nakhr. Kodi gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, na ukiteremka tumia gia ndogo. Ukishikilia breki muda wote zitachemka. Kutoka hapo njia ya miguu imechongeka ubavuni mwa genge hadi kijiji cha As Sab, kilichohamwa zamani, nyumba zake za mawe zikiwa zimejibana chini ya mwamba na matuta ya kilimo mbele yake. Fuata mistari ya rangi iliyopakwa kwenye mawe: njano, nyeupe, nyekundu. Ukitembea kidogo bila kuiona, rudi kwenye alama ya mwisho, usibahatishe. Mwenye kizunguzungu cha kimo asiende.

Pita taratibu, uyatazame mawe. Ni mawe ya chokaa yaliyojengeka chini ya bahari, na mengine yana kombe ndani yake. Kwa mtu wa pwani kama mimi, kuona kombe kwenye jabali la jangwa ni jambo la kumshukuru Mungu.

Lakini suala kubwa ni maji. Nenda kati ya mwisho wa Oktoba na Machi, anza alfajiri, na kila mtu abebe lita 3 zake mwenyewe, hata kama baridi inakudanganya kuwa huna kiu. Huko juu usiku wa Januari ni wa koti zito.

Hatari ya pili ni maji kuzidi. Majabali haya ni matupu, hayanywi mvua. Inayonyesha kileleni yote huporomokea wadi, yaani mabonde ya mito mikavu, na mafuriko yanaweza kukukuta mahali penye jua kali. Pale Al Hamra mzee mmoja, mzaliwa wa Unguja, alinielekeza kwa kidole: “Mwanangu, usitazame mbingu ya hapa. Tazama ya kule juu.” Kwa hiyo wingu likijikusanya mlimani, ahirisha. Usipige hema kwenye mkondo mkavu, wala usivuke wadi inayotiririka hata kama gari la mbele limevuka. Ukipata dharura, piga 9999.

Wazee kama yule wa Al Hamra, wanaojua Kiswahili, ni wengi upande wa Nizwa na vijiji vyake. Toa salamu ya Kiislamu kwanza, kisha shikamoo, uone uso unavyobadilika. Waulize habari za njia na mvua kabla ya kupanda. Wanaijua milima hii kuliko simu yako.

Ukishaizoea Al Khitaym, nenda Jebel Akhdar mwezi wa Aprili, waridi likichumwa kwa ajili ya marashi. Ila gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne usilipeleke: polisi wa kizuizi cha Birkat al-Mawz watakurudisha.