Dondoo Muhimu: Kabla ya Kubadilisha Modemu ya Faiba

Modemu mpya ya faiba haifanyi kazi kwa kuchomekwa tu. Mtambo wa kampuni ya intaneti huitambua kwa namba yake, na namba isiyosajiliwa hukataliwa. Usinunue ya dukani kabla ya kuiuliza kampuni kama inaipokea.

Ili kuipata namba hiyo, geuza modemu mpya, piga picha kibandiko cha chini. Palipoandikwa S/N mara nyingi pana herufi na tarakimu 12. Za Huawei mara nyingi huanza na HWTC, za ZTE na ZTEG. Palipoandikwa MAC pana nyingine 12, ndiyo maana watu huzichanganya. Kwenye faiba, inayotakiwa zaidi ni S/N. MAC huulizwa hasa ukibadilisha ruta pekee. Itumie kampuni picha yenyewe, usiwasomee kwa simu: 8 na B hupotosha.

Ukishaiunganisha, tazama taa. Ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki, kagua waya. Ya PON ikipepesa bila kutulia, usajili bado, wapigie.

Waya wa faiba usiukunje, wala usichungulie ncha yake: mwanga wake hauonekani, lakini unaweza kudhuru jicho.

Modemu ya zamani ikiwa mali ya kampuni, irudishe na udai risiti.