Kikundi Kinanunua Kompyuta: Twende Duka Lipi?

(Somo la vikundi. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Maswali ya kujadiliana yako mwisho.)

Vikundi vingi vya kujisaidia sasa vinataka kompyuta na printa. Wengine wanataka kupigia majirani chapa barua na ratiba za mazishi. Wengine wanataka kuwajazia watu fomu za serikali, na wengine wanataka tu kuweka hesabu za chama vizuri. Mipango hii ni mizuri. Lakini mara nyingi kikundi hukaa miezi mitatu kikichanga pesa, halafu hukaa dakika kumi tu kuchagua duka. Hapo ndipo shida inaanzia.

Hebu tuhesabu. Kikundi cha watu 15, kila mtu akitoa Sh 200 kwa wiki, kitapata Sh 42,000 baada ya wiki 14. Hiyo ni jasho la mama anayeuza sukuma wiki sokoni Kawangware, na la kijana wa mjengo anayetoka Kibera alfajiri kwa miguu. Si pesa ya kuchezea.

Vikundi vya mashambani pia mara nyingi humtumia pesa kijana wao anayekaa Kibera au Kawangware ili awanunulie. Somo hili ni lake pia, kwa sababu kitu kikiharibika kule nyumbani, safari ya kukirudisha Nairobi ni ndefu na nauli ni kubwa.

SWALI LA KWANZA SI BEI

Watu wengi wakiingia dukani huuliza, "Hii ni ngapi?" Ni swali zuri, lakini liwe la pili. La kwanza ni hili: "Ikikufa baada ya wiki tatu, nitairudisha kwa nani, na nitaonyesha karatasi gani?"

Tuchukue mfano. Duka la kwanza linauza laptopu kwa Sh 22,000, bila waranti. Waranti ni ahadi ya maandishi kwamba kitu kikiharibika kabla ya muda fulani kitatengenezwa au kubadilishwa bure. Duka la pili linauza laptopu kama hiyo kwa Sh 26,000, na waranti ya miezi sita. Kikundi kinafurahia kuokoa Sh 4,000 na kununua ile ya kwanza. Baada ya wiki tano haiwaki. Fundi anataka Sh 7,500, na kazi inasimama siku sita. Kama kikundi kilikuwa kikipata Sh 500 kwa siku, kimepoteza Sh 3,000 nyingine. Jumlisheni: 22,000 na 7,500 na 3,000 ni Sh 32,500. Ile ya "bei ghali" ndiyo ingekuwa rahisi.

MAHALI PA KUNUNUA

1. Hapa mtaani. Kando ya Kibera Drive, Makina, Olympic, na huku Kawangware karibu na soko na steji ya 46, kuna vibanda vingi vya mafundi na wauza simu. Uzuri wake ni kwamba hulipi nauli, na fundi unamjua. Akikufanyia vibaya, utamwona kesho na keshokutwa. Ubaya wake ni kwamba vitu vingi ni vya kutumika, na mara nyingine hakuna anayejua vilitoka wapi. Nunua kwa fundi aliyekaa mahali pamoja kwa miaka, ambaye majirani watatu wanaweza kumsemea. Usinunue kwa mtu anayebeba laptopu ndani ya begi, ati "ninauza haraka, mama ni mgonjwa."

Jambo hili ni zito. Sheria ya jinai ya Kenya, kifungu cha 322, inamwadhibu anayepokea mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kujua ni ya wizi. Kifungo chaweza kufika miaka 14. Bei ya chini kupita kiasi ni sababu mojawapo ya kukufanya ushuku. Mwenyekiti wa kikundi asije akalala ndani kwa sababu ya laptopu ya Sh 5,000.

2. Luthuli Avenue na River Road. Ukishuka matatu mjini, iwe ni namba 8 ya Kibera au 46 ya Kawangware, Luthuli si mbali. Barabara hii inajulikana kwa televisheni, redio, spika, nyaya na vipuri. Maduka yamebanana, kwa hivyo unaweza kulinganisha bei za maduka kumi kwa saa moja. Bei ni ya kuongea. Lakini jihadhari na mabroka wanaokushika mkono barabarani na kusema, "Dada, kuja nikuonyeshe." Broka hulipwa na duka, na malipo yake yanaongezwa juu ya bei yako. Tena kuna matapeli wanaouzia watu barabarani. Wanakuonyesha simu nzuri, wanaifunga kwenye karatasi, kumbe ndani wameweka kipande cha sabuni. Dawa yake ni moja: nunua ndani ya duka lenye jina na kaunta, na usiache kitu ulichojaribu kitoke machoni pako.

3. Moi Avenue na mitaa ya karibu. Hapa kuna maduka mengi ya kompyuta, mengine makubwa, mengine ni vyumba vidogo ndani ya majumba ya ghorofa. Wengi huuza kompyuta zilizotumika ng'ambo, ambazo wenyewe huziita "ex-UK." Maduka mengi hutoa waranti ya miezi kadhaa. Uliza imeandikwa wapi na inahusu nini. Mara nyingi betri na chaja haviingizwi.

4. Supamaketi na maduka makubwa. Bei haiongeleki, lakini risiti ni ya mashine na vitu vipya huja na waranti. Hata hivyo, ukubwa wa duka si kinga. Nakumatt ilikuwa na matawi kila pembe ya Nairobi, hata Prestige kwenye Ngong Road, karibu na Kibera. Ilianguka kwa madeni, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe. Kwa hivyo uliza, "Waranti hii ni ya duka au ni ya kampuni iliyotengeneza?" Ya kampuni hubaki hata duka likifunga.

5. Wauzaji wa kwenye simu. Picha ni nzuri na bei ni tamu. Kanuni ni hii: usitume pesa kwa M-PESA kabla ya kuona kitu na kukijaribu. Mtu akikataa kukutana nawe mahali pa wazi mchana, achana naye.

KOMPYUTA YA MTUMBA: ANGALIA UMRI

Kompyuta iliyotumika si kitu kibaya. Shirika la Computers for Schools Kenya lilianza mwaka wa 2002 kwa kukarabati kompyuta zilizotumika na kuzipeleka mashuleni, na watoto wengi wamejifunzia hizo. Jambo kubwa ni nani aliyeikarabati, na ina umri gani.

Siku hizi umri una maana zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11, iliyoifuata, haikubali kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018. Kwa hivyo zile za zamani zinauzwa bei ya chini sana, na muuzaji hawezi kukuambia sababu. Muulize: "Je, hii inakubali Windows 11?" Akisema ndiyo, akuonyeshe ikiwa imewashwa. Kama haikubali na bado mnaitaka kwa bei hiyo, muulizeni fundi kuhusu Linux. Hiyo ni programu ya bure inayofanya kazi vizuri kwenye mashine za zamani. Lakini hakikisheni kwanza kwamba kuna mtu kikundini aliye tayari kujifunza kuitumia.

SIKU YA KUNUNUA

Tumeni watu wawili au watatu, kamwe asiende mmoja. Mmoja awe anaelewa kompyuta, na mweka hazina awepo. Nendeni asubuhi, msifike jioni watu wakifunga. Siku ya kwanza tembeeni tu mkiandika bei. Haraka haraka haina baraka. Siku ya kulipa fanyeni hivi:

– Iwasheni na kuizima mara mbili. Ikae ikiwaka nusu saa bila kuchomekwa kwenye stima, muone betri inavyoshuka.
– Bonyezeni kila herufi. Jaribuni spika, kamera, intaneti na kila tundu la waya.
– Angalieni memori na diski kwenye mashine yenyewe. Msiamini kibandiko cha nje. Kwa kazi ya kupiga chapa na intaneti, memori ya GB 8 inatosha. GB 4 itawachosha.
– Kwa printa, ulizeni bei ya wino kabla ya bei ya printa. Printa rahisi yenye wino ghali itawala polepole.
– Kama ni simu, bonyezeni *#06#. Nambari itakayotokea ilingane na ile iliyo kwenye boksi. Wengi wanakumbuka mwaka wa 2012, serikali ilipozima simu bandia zaidi ya milioni moja. Waliozinunua ndio walioumia.
– Risiti iwe na jina la duka, tarehe, bei, aina ya mashine na nambari yake ya utambulisho iliyochapishwa chini yake. Muda wa waranti uandikwe hapo hapo. Iandikwe kwa jina la kikundi.
– Mkilipa kwa M-PESA, lipeni kwa nambari ya duka, si kwa simu ya mtu. Jina litakalotokea lifanane na la kwenye risiti.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti ikifika nyumbani, pigeni nakala mbili. Moja ikae kwa mweka hazina, nyingine kwa karani.

Neno moja kuhusu stima. Mitaani kwetu stima hupanda na kushuka, na ile ya sambaza ni mbaya zaidi. Wekeni pesa kidogo ya kununua kifaa cha kulinda mashine, chenye alama ya KEBS. Waranti nyingi hazilipi mashine iliyochomwa na stima.

IKIHARIBIKA

Msiifungue. Msimpe fundi wa jirani aiguse, kwa sababu duka litasema ninyi ndio mliiharibu. Irudisheni pamoja na risiti, mkiwa wawili, na mwongee kwa heshima.

Maduka mengine huandika kwenye risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Msiogope maandishi hayo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na kulipwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ameahidi ubora huo, na maneno ya kuikana ahadi hiyo hayana nguvu. Bila shaka mkinunua kitu mkijua kina kasoro fulani na mkakikubali hivyo, hamwezi kuilalamikia kasoro hiyo.

Duka likikataa kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwaka wa 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh 1,000,000, na si lazima uwe na wakili. Lakini hakimu atauliza karatasi. Aliyenunua kwa begi barabarani atasema nini?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kati ya wauzaji tunaowajua, ni nani tunayeweza kumrudishia kitu bila kugombana? Tunajuaje?
2. Tukituma watu watatu mjini, ni akina nani, na kikundi kimewapa ruhusa ya kutumia hadi pesa ngapi?
3. Risiti za vitu tulivyonunua mwaka jana ziko wapi? Leteni mkutano ujao.
4. Mtu akituletea laptopu nzuri kwa bei ya chini sana, tutamwambia nini?

Jibuni swali la tatu kabla ya kwenda kununua kitu kingine. Kikundi kisichojua risiti zake ziko wapi, bado hakijawa tayari kwa kompyuta.