SOMO LA LEO: Kava la nepi lilianza na pazia la bafuni. Wewe unaliuzaje?

Wauzaji wenzangu wa Nachingwea, Ruangwa na kote mlipo, leo tunajifunza bidhaa ambayo wengi tunaipostia picha na bei tu: kava la nepi, ile chupi isiyopitisha maji inayovaliwa juu ya nepi ya kitambaa.

Zamani zilikuwepo chupi za mpira. Mkojo hautoki, sawa, ila joto linabaki ndani na mtoto anababuka. Mwaka 1946 mama mmoja Mmarekani, Marion Donovan, alichoka kufua mashuka. Akakata pazia la bafuni, akashona kava kwa cherehani. Baadaye akatumia nailoni ya parachuti, na badala ya pini akaweka vifungo vya kubonyeza. Wenye viwanda wakamkatalia, eti hakuna mama aliyeomba kitu hicho. Mwaka 1949 kava lake likaanza kuuzwa kwenye duka la Saks Fifth Avenue, New York. Mwaka 1951 akauza haki zake kwa dola milioni 1.

Sasa tuchukue nini hapo?

1. Taja shida unayoitatua. Kwa Donovan ilikuwa shuka. Kwa mteja wako wa Ruangwa ni mgongo: mtoto yuko kwenye mbeleko, safari ni ya bodaboda. Andika hivyo.

2. Usidanganye. Kava linakinga nguo, halimkaushi mtoto. Nepi ikilowa ibadilishwe. Ukiandika "mkavu usiku kucha" halafu mtoto akababuka, habari itafika Nachingwea kabla ya mzigo wako.

3. Taja kitambaa. Makava mengi ya sasa ni ya PUL, yaani kitambaa chenye utando mwembamba wa kuzuia maji. Mwambie mteja asilichemshe wala kulipiga pasi, utando utaharibika. Saizi itaje kwa kilo za mtoto, maana miezi inadanganya.

4. Agiza mapema. Minada ya korosho ikianza Oktoba, pesa inaonekana. Baada ya hapo mvua zinaingia na nepi hazikauki. Mshauri mteja achukue makava 2 ya kubadilisha na nepi za kutosha. Akichukua kava peke yake, atarudi kulalamika.

Kazi ya leo: fungua posti yako ya mwisho ya kava. Kama ina bei tu, iandike upya leo hii, kisha utuwekee hapo chini tuisome.